Uso wa Mzee Shomari na Kunguru wa Gerezani

Ninyi mliobaki kituoni mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi, kabla sijasahau na kabla sijaanza kutia chumvi. Kwa hilo la chumvi mmechelewa kidogo, lakini nitajitahidi. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu vyangu mnavijua na havijai kiganja. Za mshahara nazo naziacha, maana ni habari za majonzi na mimi nataka mcheke. Nitaandika habari za kunguru. Ndio walionipa kazi, ndio walionifundisha subira, na ndio walionichania mwavuli siku ileile niliyoununua.

Siku ya kwanza nilifika ofisini Posta nimevaa viatu vya kisigino na kubeba jalada jipya, nikidhani utafiti hufanyika mezani. Mkuu wa wakati huo aliviangalia viatu vyangu, akasikitika kimyakimya, akaniambia niende Kariakoo, nyuma ya wauza samaki, nimuulizie Mzee Shomari. Nilimkuta ameinama ndani ya tundu la waya, amemshika kunguru kwa mkono mmoja na kwa mwingine anajikuna shingo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kugeuka, kisha akaniuliza kabila. Nikamwambia mimi Mnyamwezi. Hakunijibu mimi, alimjibu kunguru. "Basi tena," akamwambia, "tumeletewa mtani."

Mnajua mambo ya Mzaramo na Mnyamwezi. Mtani wako anaweza kukusema sura mbele ya wakwe zako na huna pa kumshtaki. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi sana na sikumbuki siku aliyoniita kwa jina langu la Magdalena. Nilikuwa Mtani, na wengine wote pale kituoni wakaniita Bi Magda. Nami sikumwacha apumue. Lakini kila ninachokijua kuhusu kazi ya uwandani nimekipata kwake.

Mtego wetu ulikuwa tundu kubwa la waya lenye mdomo juu, kunguru anaingia akiwa amekunja mbawa na hawezi kutoka akiwa amezikunjua. Ndani tunaweka vichwa vya samaki, maji, kipande cha gunia cha kivuli, na kunguru mmoja wa kuwaita wenzake. Huyo tulimwita mwenyeji. Mzee Shomari alikuwa mkali kuhusu mwenyeji: ale kwanza yeye, anywe kwanza yeye, na jioni abadilishwe akapumzike. Vijana wa siku hizi nawaona mnakagua kamera kwanza na maji baadaye. Kamera haina kiu.

Kunguru akishaingia, unamfunika kitambaa, unamtia kwenye mfuko, unampima uzito, unapima bawa, unamvisha pete ya plastiki ya rangi mguuni, unamwachia. Kisha unatembea na darubini mitaani kumtafuta analala wapi, anakula wapi, anarudi na nani. Tulitaka kujua hawa ndege wanaishije kwa taka za soko, na taka zikipungua wanaenda wapi. Mzee Shomari alikuwa na sheria moja: andika ulichokiona, usiandike ulichokitegemea. Nikirudi nimeandika kwamba kunguru wa pete nyekundu "alikuwa anatafuta mwenzake," ananiuliza kama kunguru aliniambia mwenyewe. Nafuta, naandika kwamba alikuwa juu ya bati.

Kuhusu zile pete lazima niwaambie, maana hakuna kitabu kitakachowaandaa. Siku moja muuza vipuri wa Gerezani, kata ya jirani na Kariakoo, alikuja kutushtaki kwamba kunguru mwenye pete ya kijani amemchukulia plagi mbili za pikipiki. Mzee Shomari akamweleza kwa upole kwamba kunguru si wetu, sisi tunamfuatilia tu. Yule bwana akauliza nani alimvisha pete. Tukasema sisi. "Basi kama mmemvisha pete ni wa kwenu," akasema, na watu wote waliokuwa wamesimama pale wakakubali kwamba hiyo ni hoja. Tukamtafutia plagi nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kunguru ana tabia ambayo mimi sikuijua nilipoanza na Mzee Shomari aliijua kwa kuchelewa: anashika sura. Ukimshika mmoja, wale wanaotazama wanauweka uso wako moyoni, wanauonyesha kwa watoto wao, na watoto wanauonyesha kwa wajukuu. Katika timu yetu mimi nilikuwa mwandikaji, niko pembeni na kalamu. Mshikaji alikuwa yeye. Alishika kunguru wa Kariakoo kwa mikono yake na uso wake ukiwa wazi, mwaka hadi mwaka, na wao wakamweka kwenye kumbukumbu kuliko sisi tulivyowaweka.

Mwanzoni walimpigia kelele tu. Baadaye wakaanza kumshukia. Akitoka nyumbani kwake Gerezani asubuhi, kelele inaanza kwenye paa la kwanza na kusogea naye paa kwa paa hadi kituo cha mwendokasi, na majirani wanaosikia wanajua muda wa kuamsha watoto umefika. Wakamdonoa upara. Ndipo akanunua helmeti ya bodaboda yenye kioo cheusi, akawa anaivaa akitembea kwa miguu. Vijana wa pikipiki walimwita abiria aliyeachwa. Yeye alicheka nao, na mimi nilicheka kuliko wote, hadi siku ya msiba wa kaka yake.

Kaka yake alizikwa adhuhuri, juani. Helmeti hakutaka kuivaa makaburini, alisema kaka yake hakuwahi kumwona nayo na hatamuaga nayo. Akaja uso wazi. Jeneza halijashushwa, kunguru wakafika, wakawa wengi hata imamu akanyamaza. Mzee Shomari akaona anamharibia marehemu, akarudi kwenye gari, akafunga kioo, akamwangalia kaka yake akizikwa kupitia dirisha. Mimi ni mtani, kazi yangu msibani ni kuwachekesha wafiwa. Siku ile nilikuwa nimebaki nje na magari, maana wanawake hawaingii makaburini, nikaenda kukaa naye kwenye gari na sikupata cha kusema.

Baada ya hapo bintiye Zuhura akaposwa. Alikuwa mtoto wake wa mwisho, fundi cherehani, mdomo wake mkali kama wa baba yake. Mchumba alikuwa Salim, kijana wa familia ya Kiarabu yenye duka la vitambaa Mchafukoge, watu wastaarabu. Mzee Shomari alifurahi siku moja, ya pili akaanza kutafuta wakili, maana baba anaruhusiwa kumpa mtu mwingine idhini ya kumuozea binti. Akamchagua binamu yake Mohamedi, mtu mwenye nywele nyingi na asiye na ugomvi na ndege.

Zuhura alikuja ofisini kwetu, akakaa kwenye kiti cha baba yake, akasema hataki. Dada zake wote wameozwa na baba, chini ya turubai, mtaani pale nyumbani. Tukamshauri msikitini basi, kuna paa. Akasema msikitini wanawake watakaa mbali na yeye anataka kuwa karibu. Tukauliza habari ya helmeti. Mzee Shomari alikuwa ameshamuuliza sheikh, na sheikh alisema hajaona katazo lolote kuhusu helmeti, lakini ingefaa bwana harusi aone anaozwa na nani.

"Baba," Zuhura akasema, "mimi nataka unioze wewe. Ukinipa Ami Mohamedi, siendi."

Mzee Shomari aliinuka. Alitoka nje akasahau helmeti, tukasikia kelele inaanza, akarudi.

Wakati huo ndipo alipokuja Daktari Neema, ambaye sasa ni mkuu wenu. Alikuwa binti mdogo amerudi kutoka masomoni, na alituletea wazo ambalo kwanza nililiona la mtu aliyekosa usingizi. Alisema kama kunguru wamejifunza kuuchukia uso kwa kuuona ukifanya mabaya, huenda watajifunza kuupenda kwa kuuona ukifanya mema. Tutengeneze barakoa za uso wa Mzee Shomari, tuzivae sisi wengine, tuzunguke Gerezani tukiwalisha. Kabla ya kuanza tutahesabu wanavyoupigia kelele uso huo, na kila wiki tutahesabu tena. Huo ni utafiti kamili, na ukifaulu, Zuhura ataolewa.

Picha nzuri ya Mzee Shomari haikuwepo. Tukatumia ile ya kitambulisho cha kazi, ambayo amekaa kama mtu aliyeitwa kituoni kuhojiwa. Tukampelekea kijana wa Kariakoo anayechapisha mabango ya harusi na kipaimara, akaikuza ukubwa wa kichwa, akaibandika kwenye karatasi ngumu, akatoboa macho, akafunga mpira nyuma. Akatuuliza kama tunataka na fulana. Tukasema hapana, ingawa swali lile tulipaswa kulifikiria vizuri zaidi.

Asubuhi ya kwanza nilivaa kitenge changu, nikavaa na uso wa Mzee Shomari, nikashika ndoo ya vichwa vya samaki. Yeye alikuwa dirishani kwake anatuangalia. Nikamwambia leo nimependeza, nimevaa sura ya Mzaramo. "Vaa, Mtani," akajibu. "Ndiyo mara ya kwanza Mnyamwezi kuwa na sura."

Tulikuwa watu sita wenye uso mmoja. Kunguru walitushukia vibaya, ndipo mwavuli wangu ulipokwisha, lakini tulimwaga samaki na kuondoka taratibu kama itifaki ilivyotaka. Kesho yake tukarudi. Wakati huo ulikuwa msimu wa kampeni, mji mzima umebandikwa nyuso, na watu wakatuona tunapita kila asubuhi na uso ambao haukuwa ukutani. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tunafuatwa. Mama mmoja muuza mihogo akanishika mkono akaniambia mgombea wetu akishinda asisahau mtaro wa nyuma ya gereji. Mwingine akalalamika kwamba kunguru wamepata samaki na wapiga kura hawajapata kitu.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akatuita. Alikuwa mtu wa utaratibu, akatukaribisha viti, akauliza mgombea wetu ni wa chama gani. Daktari Neema akasema hana chama. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mgombea binafsi haruhusiwi kisheria. Daktari akafafanua kwamba yule bwana hagombei, tunajaribu tu kuwafanya kunguru wamwamini. Mwenyekiti akatafakari. Akasema hata hao wengine ndiyo wanachojaribu, ila wao wamechukua fomu.

Alituruhusu tuendelee kwa sharti tusipige muziki. Lakini jina la Diwani lilikuwa limeshamkaa Mzee Shomari. Watu walimfuata nyumbani na shida zao, naye kwa adabu yake hakuweza kuwafukuza, akawa anawasikiliza kupitia kioo cha helmeti na kuwaambia atalifikisha. La mtaro alilifikisha kweli. Ukazibuliwa. Hapo tukakosa kabisa namna ya kuwaeleza watu kwamba hagombei.

Na kunguru wakabadilika. Sikutegemea, na kwa kuwa sikutegemea niliandika kwa uangalifu zaidi. Kelele ilipungua, kisha ikaisha, kisha wakaanza kutusubiri. Uso ule ukitokea kwenye kona wanashuka kwenye nyaya, wanajipanga, wanatazama ndoo. Siku Mzee Shomari mwenyewe alipotoka bila helmeti kwa mara ya kwanza, tulikuwa tumejificha nyuma ya lori na darubini. Akasimama mlangoni na singlendi yake. Wakaja kwenye ukuta mbele yake, wakamwangalia, wakaangalia mikono yake. Akawapa andazi alilokuwa anakula. Kisha akatembea hadi dukani akanunua jingine, uso wazi, polepole, akisalimia kila mtu, na aliporudi alikuwa analia. Nikamtania kwamba Wazaramo hulilia maandazi. 

Sasa kuna jambo la kitaalamu mlielewe, kwa kuwa ndilo lililotuponza. Tangu mwanzo tulikuwa na eneo la kulinganishia. Kama ukiwalisha kunguru wote, utajuaje kwamba ni chakula kilichowabadilisha na si mvua, au msimu wa vifaranga? Lazima kuwe na mahali ambapo hukufanya kitu, ila unahesabu tu. Tulichagua mtaa mmoja wa Mchafukoge. Huko hatukulisha kunguru yeyote. Kila wiki mmoja wetu alipita pale amevaa uso wa Mzee Shomari, mikono mitupu, akatukanwa na kunguru wote, akahesabu matusi, akarudi. Kunguru wa Mchafukoge waliendelea kumchukia kwa kiwango kilekile, na Daktari Neema alikuwa akifurahia mno jambo hilo.

Siku chache kabla ya harusi, mafundi wa mabomba wakaja Gerezani wakachimba mtaa wa Mzee Shomari kutoka mwanzo hadi mwisho. Pa kufunga turubai hapakubaki. Mama yake Salim, Bi Salma, alipopata habari akasema msihangaike, shughuli ifanyike mtaani kwao, kuna nafasi. Na ili isionekane bibi harusi kapelekwa kuozwa ukweni, jirani yao wa ghorofa ya pili, Mama Jyoti, mama wa Kihindu aliyekaa pale tangu azaliwe, atatoa nyumba yake iwe nyumba ya kina Zuhura kwa siku hiyo. Kila mtu alishukuru. Kisha Daktari Neema akauliza ni mtaa gani hasa, wakamtajia, akakaa chini.

Lilikuwa eneo la kulinganishia.

Mimi nilisema tuchukue ndoo. Siku zilizobaki zilitosha, tukiwalisha kutwa mara tatu tungewapunguza hasira. Daktari Neema alikubali, alisema ndoa ni kubwa kuliko makala. Aliyekataa ni Mzee Shomari. Alisema tumebakiza wiki mbili za kuhesabu, tukilisha sasa kazi yote ya miezi inakuwa hadithi. Nikamwambia mtani wangu, hiyo ni harusi ya mwanao. Akasema anajua ni ya nani, ndiyo sababu hataki iingie kwenye takwimu.

Zuhura alipoambiwa alikuja akasimama mlangoni. "Baba, ndoa yangu ndiyo eneo lako la kulinganishia?"

"Nitakuja kwa miguu yangu na uso wangu," akamjibu. "Wakinishukia nitavumilia. Nikishindwa kabisa, Mohamedi yupo."

"Ami Mohamedi asivae kanzu mpya," akasema Zuhura. "Akae nyuma." Akaondoka bila kuaga.

Siku ya harusi mimi nilikuwa ghorofani kwa Mama Jyoti pamoja na wanawake, tumemzunguka bibi harusi. Zuhura alikuwa amekaa kitandani katikati ya shughuli zote za hina na udi, na desturi haikumruhusu kusogea dirishani. Akaniomba nikae mimi pale, nimweleze kila kitu. "Wewe ndiyo kazi yako," alisema. "Eleza unachokiona, usieleze unachokitegemea." Nikavuta stuli.

Nikamwambia turubai limefungwa. Wanaume wa kina Salim wamekaa. Sheikh amekaa. Mohamedi yupo nyuma na kanzu ya zamani. Kunguru wa mtaa wako juu ya nyaya na mapaa kama kawaida yao, wametulia, kwa sababu Mama Jyoti huwawekea wali barazani kila asubuhi kwa ajili ya wazee wake waliotangulia, na walikuwa wameshiba.

Kisha tukasikia watu wanashangilia kutoka mbali. Mzee Shomari alikuwa ametoka Gerezani kwa miguu, katikati ya wanaume wa ukoo, kanzu nyeupe, joho, uso wazi. Njia nzima watu wa Kariakoo walimpungia na kumwita Diwani. Akakunja kona ya mtaa wetu. Nikanyamaza, na Zuhura akanikumbusha kazi yangu.

Nikamwambia baba yake hayuko peke yake. Kunguru wa Gerezani walikuwa wanamfuata. Waliuona uso unaondoka na kifungua kinywa chao, wakaamua kwenda nao. Walikuja juu yake kimya kimya, paa kwa paa, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pamoja, nikaona na pete zetu za kijani na nyekundu.

Kunguru wa Mchafukoge wakauona uso. Wakaondoka kwenye nyaya wote kwa pamoja kumshukia, na njiani wakakutana na wageni. Sijui niwaelezeje. Waliokuja kumpiga na waliokuja kula kwake walikutana juu ya turubai, wakashikana huko huko hewani, na kelele iliyotoka sijaisikia tena. Manyoya yalianguka kwenye sahani za tende. Mama Jyoti, Mungu amzidishie, akadhani wana njaa, akakimbilia barazani na sufuria nzima ya wali akaumwaga. Wakaja na wale wa mtaa wa tatu.

"Baba?" akauliza Zuhura.

Nikamwambia baba yake amefika, ameketi, ameshika mkono wa Salim. Hajaguswa. Walikuwa na shughuli nyingi kule juu hata hakuna aliyepata nafasi ya kumdonoa. Lakini sheikh anainama, anaweka mkono sikioni. Mzee Shomari anasema maneno na hayasikiki. Anarudia. Sheikh anatikisa kichwa, mashahidi nao wanatikisa kichwa, hawawezi kushuhudia wasichokisikia. Watu wananong'ona. Mohamedi anasukumwa mbele, kwa kuwa ana sauti nene, aliwahi kupiga mnada.

Zuhura aliinama akafunika uso kwa mikono yenye hina mbichi. Bi Salma akamwekea mkono mgongoni. Mimi nilikuwa nimekasirika, nawaambia kweli, nilikasirikia kunguru, nikamkasirikia Daktari Neema, nikalikasirikia kila eneo la kulinganishia lililopo duniani. Nikaendelea kueleza. Mohamedi amefika. Mzee Shomari anamwangalia Mohamedi. Anamwambia kitu. Mohamedi anarudi nyuma. Mzee Shomari anasimama, na anayeoza huwa hasimami, anamsimamisha na Salim, hajauachia mkono. Anavuta pumzi.

Kwa kawaida bibi harusi hasikii anavyoozwa. Yanasemwa chini kule kwa wanaume, kwa sauti ya watu wazima, na yeye huletewa habari tu kwamba tayari, na vigelegele vinapigwa. Hata mimi, katika harusi zote nilizohudhuria, sikuwahi kuyasikia nikiwa upande wa wanawake.

Mzee Shomari aliyapiga kelele. Aliyatoa tumboni, mshipa wa shingo umesimama, juu ya kunguru wa Gerezani na wa Mchafukoge, yakagonga ukuta wa mbele yakarudi, na wenye maduka wakatoka milangoni kusikiliza.

"Salim! Nimekuoza binti yangu Zuhura, mimi baba yake!"

Nikageuka haraka kumweleza Zuhura kwamba sasa baba yake anasema anamuoza, kwamba amesimama, kwamba Salim naye anavuta pumzi ajibu. Alikuwa ameinua kichwa, wanja umemtiririka hadi kidevuni. Akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Usinieleze tena, Bi Magda," akasema. "Namsikia mwenyewe."